UZI: Mashine inapokea simu za miadi kwenye kliniki ya macho hapa Amu (Lamu), na "saa nane" ndiyo iliyonitesa

Mtu wa Langoni (mwenye uzi)

Asalaam aleikum wanajamvi. Uzi huu niliuahidi tangu kabla ya Ramadhani. Leo nimepata nafasi, nauandika wote, na maswali nitayajibu humu humu.

Kazi yangu ni kompyuta: kutengeneza zilizoharibika, kuweka mitandao majumbani, na siku hizi kuandika programu ndogo ndogo. Kuna kliniki moja ya macho hapa mjini, jina naliacha. Daktari wake hakai Lamu. Huja kwa ndege mara mbili kwa mwezi, hushuka kisiwa cha Manda asubuhi, hufanya kazi siku mbili, huondoka. Siku hizo mbili zinagombaniwa na watu wa Amu, wa Shela, wa Matondoni, wa kisiwa cha Pate na wa bara mpaka Mpeketoni. Dada wa mapokezi ana simu moja na daftari moja. Wiki ya daktari simu ile inaanza kulia alfajiri. Akiwa anamtilia mgonjwa dawa ya kupanua mboni hawezi kuipokea. Mtu anapiga mara tano hapokewi, anaamua bora apande boti aje mwenyewe, akifika anaambiwa nafasi zimekwisha.

Shangazi yangu wa Siyu ameregea kwao hivyo mara mbili. Mara ya pili nauli alikuwa ameikopa. Hapo ndipo nilipoanza.

Nilichojenga ni msaidizi wa sauti. Unapiga nambari ile ile ya kliniki, mashine inapokea, inaongea na wewe kwa Kiswahili, inakuuliza unachotaka, inakupa siku na saa, inakutumia esemesi. Huhitaji simu kubwa wala intaneti, kabambe yako inatosha. Kuifanya iongee hakukunichukua hata wiki tatu. Kuifanya ielewe siku na saa anayoikusudia mtu wa pwani, hapo ndipo miezi ilipokwenda.

Niwape kisa cha wiki ya kwanza, kwa sababu bado kinaniuma. Mzee mmoja wa Kipungani alipiga, akapewa nafasi ya saa mbili asubuhi. Kwenye simu mashine ilitamka vizuri kabisa, "saa mbili asubuhi". Lakini esemesi ilikuwa inaandikwa na kipande kingine cha programu, ambacho kiliichukua saa kama ilivyo ndani ya kalenda: "Miadi yako ni Jumatano saa 8:00". Mzee hasomi bila miwani, akasomewa na mjukuu: saa nane. Akaja saa nane kasorobo mchana, kanzu imepigwa pasi, vikaratasi vya dawa zake za zamani amevifunga ndani ya leso mkononi. Daktari alikuwa ashashuka gatini kwenda kuchukua boti ya Manda. Niliitwa nije nieleze. Mzee hakugomba. Aliniuliza tu, "Mwanangu, saa nane si ndiyo hii?"

Ndiyo hiyo. Yeye hakukosea hata chembe. Niliyekosea ni mimi niliyeandika programu, na usiku ule sikulala mpaka nimeifungua yote upya.

Mtu wa Langoni (mwenye uzi)

Naendelea. Kwa wasiojua inavyofanya kazi, nieleze kwa ufupi.

Simu ikiingia, sauti yako inageuzwa maandishi. Maandishi yanapelekwa kwa modeli ya lugha, ile aina ya programu mnayozungumza nayo kwenye simu zenu. Modeli inaamua: ijibu tu, au iite moja ya kazi nilizoiandikia, yaani tazama nafasi, shika nafasi, andika miadi, futa miadi, mpe binadamu. Jibu linageuzwa sauti, unalisikia. Basi. Jambo lenyewe si geni duniani. Google walionyesha mashine yao ya Duplex mwaka 2018 ikipiga simu saluni na kuweka miadi ya kukata nywele, na ilikuwa inaguna "mm" kama mtu. Watu wengi walilalamika kwamba aliyepokea hakuambiwa anaongea na mashine. Mimi hilo nilikata shauri siku ya kwanza: sentensi ya kwanza baada ya salamu ni "Mimi ni mashine ya kupokea simu za kliniki".

Ugumu wa kwanza ni laini ya simu yenyewe. Sauti ya simu ya kawaida hubanwa, inabaki kama kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 300 na 3,400, na hupimwa mara 8,000 kwa sekunde. Programu nyingi za kunasa maneno zimefunzwa kwa sauti safi zaidi ya hiyo. Whisper, kwa mfano, iliyotolewa na OpenAI mwaka 2022, hupokea sauti iliyopimwa mara 16,000 kwa sekunde. Ilifunzwa kwa saa 680,000 za sauti, na zaidi ya nusu yake ni Kiingereza. Kiswahili kimo, lakini ni tone. Sasa chukua tone hilo, lipitishe kwenye laini iliyobanwa, upepo wa gatini unavuma, boti inanguruma, na anayeongea ni bibi wa Matondoni mwenye Kiamu chake safi. Hapo utaelewa nilianzia wapi.

Ugumu wa pili ni kunyamaza. Sisi binadamu tukizungumza hatungojani. Kuna watafiti waliopima lugha 10 wakachapisha matokeo mwaka 2009, wakaona pengo kati ya swali na jibu ni wastani wa kama sehemu moja ya tano ya sekunde. Mashine yangu mwanzo ilikuwa inachukua sekunde tatu. Sekunde tatu kwenye simu ni nyingi mno. Mtu anasema "Halo? Halo? Imekatika hii", anakata. Nilipunguza nilipoweza, na pale inapohitaji kufungua kalenda nimeifunza iseme kwanza, "Ngoja nitazame daftari." Neno hilo moja limeokoa simu nyingi.

Kijana wa Mokowe

Bwana, kazi nzuri. Lakini hiyo ya saa mbona rahisi? Kwenye maelekezo ya modeli si uiandikie tu kwamba Waswahili tunaanza kuhesabu jua likitoka, saa moja ni 7:00? Mimi nimeijaribu kwa simu yangu, inajibu sawa.

Mtu wa Langoni (mwenye uzi)

Ndugu yangu, nilifanya hivyo hivyo. Ukiiuliza swali hilo peke yake itakujibu sawa. Tatizo ni katikati ya mazungumzo. Mtu ameshasalimia, ameeleza ugonjwa, ametaja mtoto wake anayesoma Mombasa, amebadili siku mara mbili, ndipo anasema "basi niweke saa tatu". Mara nyingi modeli huandika 09:00. Halafu siku moja inaandika 03:00, au inaona 03:00 kliniki haijafunguliwa, ikajisahihisha yenyewe kuwa 15:00. Hiyo ya pili ndiyo mbaya zaidi, maana inaonekana saa ya kawaida kabisa na hakuna atakayeishtukia.

Nilichofanya ni kuipokonya modeli hesabu yote. Sasa kazi yake ni kuyapitisha maneno ya mtu kama alivyoyasema: neno la saa, "tatu", na neno la wakati, "asubuhi". Kuyageuza kuwa 09:00 ni kazi ya kipande kidogo nilichokiandika kwa mkono, mistari kama arubaini, kisichobahatisha. Saa moja hadi saa kumi na moja za mchana unaongeza sita. Kumi na mbili asubuhi ni 06:00, kumi na mbili jioni ni 18:00. "Kasorobo", "na robo", "unusu" zote zimo. Ikiwa mtu hakutaja wakati, mashine hairuhusiwi kukisia, inauliza: "Asubuhi au mchana?" Na jibu likitoka nje ya saa za kliniki, halirekebishwi, mtu anaulizwa upya.

Swali hilo la "asubuhi au mchana" lina faida nyingine ambayo sikuitarajia. Kwenye laini mbovu, "saa nne" na "saa nane" zinafanana sana. Jaribu kumwambia mtu akiwa kwenye boti. Moja ni 10:00, nyingine ni 14:00, saa nne nzima baina yao. Lakini "saa nne asubuhi" na "saa nane mchana" huwezi kuzichanganya. Wazee wetu walipokuwa wakitaja wakati pamoja na saa hawakuwa wanapamba maneno.

Na esemesi sasa haina tarakimu ya saa hata moja. Inaandikwa kwa maneno: "Jumatano tarehe 14, saa mbili asubuhi, baada ya watu kufungua kinywa." Kipande cha mwisho alikiongeza dada wa mapokezi. Nilimuuliza kina maana gani kwenye esemesi ya kliniki, akaniambia, "Wewe kiweke, atakayesomewa hatakosea." Nikakiweka. Tangu hapo hakuna aliyekuja saa nane.

Kalenda yenyewe haina shida. Kenya hatubadilishi saa kiangazi na masika kama Ulaya. Sisi ni saa tatu mbele ya saa ya dunia mwaka mzima.

Mwenye saluni, Malindi

Kaka, nimesoma mpaka machozi kwa huyo mzee. Mimi nina saluni ya maharusi hapa Malindi, hina na piko na kupamba. Nataka kitu kama hiki kwa sababu msimu wa harusi simu zinanishinda na mikono ina hina. Lakini nikuulize. Mama mtu mzima akinipigia akasema "harusi ni usiku wa Ijumaa", mimi najua ni Alhamisi jua likizama. Binti yake akipiga akasema "Ijumaa usiku", anakusudia Ijumaa yenyewe. Mwaka jana palikuwa na familia ambayo mama aliweka siku yake na binti akaweka yake, nikafika siku moja baada ya watu washakula pilau. Mashine yako itaijuaje hiyo?

Mtu wa Langoni (mwenye uzi)

Dada yangu, pole sana. Swali lako ni zito kuliko langu la saa nane, na nashukuru umelileta.

Siku yetu ya asili inaanza magharibi. Usiku unatangulia mchana wake. Kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule unaoingia Alhamisi jioni, ndiyo maana jioni hiyo watu hukusanyika kusoma Yasini. Kalenda ya kompyuta inabadili siku saa sita ya usiku. Watu wawili nyumba moja wanatumia kalenda mbili, na wote wawili wako sawa.

Hakuna hesabu ya kulitatua hilo. Hata mimi na wewe hatuwezi kukata bila kuuliza. Kwa saluni yako ningeifunga mashine hivi: likitajwa neno "usiku" pamoja na jina la siku, lazima iulize kwa kutumia mchana: "Ni usiku unaofuata mchana wa Alhamisi, au unaofuata mchana wa Ijumaa?" Swali linaonekana refu, lakini mtu mzima akilisikia anajibu mara moja, maana ndivyo yeye mwenyewe anavyolifikiria. Halafu tarehe isomwe kwa nambari: "Alhamisi tarehe 20 jioni." Na ujumbe wa uthibitisho utume kwa simu mbili, ya mama na ya bi harusi, ili wakipishana wajuane wao kwa wao kabla wewe hujachanganya hina.

Maneno mengine ya kuyatilia maanani: "kesho kutwa", "mtondo" na "mtondogoo". Wazee wa Amu bado wanayatumia. Kesho kutwa ni siku ya pili kutoka leo, mtondo ya tatu, mtondogoo ya nne. Modeli ilikuwa inaijua ya kwanza tu, hizo mbili zikawa zinageuzwa majina ya watu. Nimeziandika kwa mkono. Pia tarehe za mwezi mwandamo: "baada ya Maulidi", "mwanzo wa mfungo mosi", "Idi ya tatu". Hizi siachi mashine izikate kabisa, kwa sababu mwezi unaandama kwa kuonekana. Inachukua jina na nambari, inasema dada atakupigia.

"Baada ya adhuhuri", "baada ya alasiri" ni nyepesi kiasi. Sisi tuko karibu na ikweta, nyakati za sala hazichezi sana mwaka mzima, kwa hiyo nimeweka jedwali.

Nahodha wa Mkanda

Mimi si mtu wa kompyuta, nimeonyeshwa uzi huu na kijana wangu. Nasafirisha abiria baina ya Faza na Amu. Nakuuliza swali moja. Hiyo mashine inajua maji? Siku za bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, hujaa alfajiri, yakajaa tena alasiri. Saa nne asubuhi mlango wa maji wa Mkanda ushakauka, boti iliyopakia haipiti. Mtu wa Faza ukimwambia aje saa tano na arudi saa nane, umemwambia alale Amu. Alale wapi?

Mtu wa Langoni (mwenye uzi)

Nahodha, Mungu akuzidishie. Maneno haya ningeyapata tangu mwanzo ningeokoa watu wengi usumbufu.

Nilikuwa nimejenga mashine kama vile kila mgonjwa yuko umbali wa kutembea kwa miguu. Inampa mtu nafasi ya kwanza iliyo wazi, basi. Wiki mbili baada ya kuanza nikagundua wanaokosa kuja wengi ni wa Pate, na dada wa mapokezi ndiye aliyenifungua macho: akaniambia yeye hajawahi kumpa mtu wa Faza miadi kabla ya kuuliza maji yako vipi. Hakuwahi kuliandika popote. Lilikuwa kichwani mwake.

Sasa swali la kwanza la kupanga miadi ni "Unatoka wapi?" Mtu akisema Pate, Siyu, Faza, Kizingitini au Mbwajumwali, mashine inatazama jedwali la kujaa na kupwa nililoliingiza kwa mkono mwezi kwa mwezi, ndipo inapendekeza saa. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Siku za bamvua, aliyetoka alfajiri anapewa nafasi za mwanzo na anapumzika mpaka alasiri. Wiki moja mbele, wakati wa maji mafu, yale yasiyojaa wala kutoka sana, kujaa kumeshasogea kwenye saa nne asubuhi, basi nafasi ya saa mbili hapewi mtu wa kule, anawekewa mchana.

Nakiri jedwali halijui kusi likivuma, wala halijui boti imengoja abiria mpaka ijae. Kwa hiyo mashine imekatazwa kuahidi boti. Inasema tu, "Saa hii nimeipanga kwa maji ya siku hiyo. Zungumza na nahodha wako." Na mtu wa visiwani akichelewa, nafasi yake haifutwi, anasogezwa mwisho wa foleni ya siku ile ile. Hilo daktari amelikubali.

Nahodha wa Mkanda

Hapo sawa.

Muuguzi, Malindi

Nina mawili. La kwanza, sauti za wagonjwa zinakwenda wapi? La pili ndilo linalonitisha. Amu mnajenga kwa chokaa. Fundi akiingiwa na chokaa jichoni atapiga nambari anayoijua, na mashine itamwambia "nafasi iliyopo ni wiki ijayo". Jicho la chokaa halingoji hata saa moja.

Mtu wa Langoni (mwenye uzi)

Nianze na la pili, kwa sababu lilitokea. Fundi alipiga akasema, "Chokaa imeniingia jitoni tangu asubuhi, nataka kumuona daktari." Mashine ikampa pole, kisha ikampa tarehe, siku tisa mbele. Kwa bahati dada wa mapokezi alikuwa anasikiliza simu za siku ile. Alimpigia palepale, akamwambia aoshe jicho kwa maji safi mengi, amwagie mfululizo bila kuacha, kisha aende hospitali moja kwa moja. Jicho lilipona. Mimi nilikaa na yule dada jioni nzima.

Tangu siku ile kabla ya jambo lolote la miadi kuna mlango wa kwanza. Chokaa, simenti, dawa ya kunyunyizia, kitu kimechoma jicho, kuona giza ghafla, jicho kuvimba pamoja na maumivu makali, mtoto kupigwa jicho. Likisikika mojawapo, mashine haitoi tarehe. Kwa chokaa na simenti na dawa inasema osha kwa maji sasa hivi, usingoje, nenda hospitali, na simu inapelekwa kwa mtu papo hapo. Mlango huu nimeulegeza makusudi. Bora imkimbize hospitali mtu mwenye mchanga tu jichoni kuliko impangie tarehe mwenye chokaa. Yeyote atakayejenga kitu kama hiki kwa kliniki, awe wa meno au wa kina mama, tafadhali aanze na mlango huu kabla hajaanza na kalenda.

La kwanza sasa. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti, na inaweka masharti ya kuzipeleka nje ya nchi, ridhaa ya mwenyewe ikiwemo. Modeli ninayoitumia iko kwenye seva za nje. Kwa hiyo nimepunguza kinachotoka. Jina na nambari ya simu havitoki, vinabaki kwenye kompyuta ya kliniki. Rekodi ya sauti hufutwa miadi ikishathibitishwa, isipokuwa mtu ameulizwa akakubali ibaki kwa mafunzo. Asiyetaka mashine anasema "nataka mtu" na anapewa mtu, haulizwi kwa nini.

Na jambo dogo ambalo kwa mji wetu si dogo: simu moja hutumiwa na nyumba nzima. Esemesi haisemi ugonjwa wala haisemi "macho". Inasema tu "miadi yako".

Mzee wa Mkomani

Umesema "jitoni", nimefurahi. Inafahamu Kiamu?

Mtu wa Langoni (mwenye uzi)

Ami, inajifunza. Mwanzo ilikuwa taabu. Bibi mmoja alisema, "Mato yangu hayaoni." Mashine ikaandika "mtoto wangu haoni", ikaanza kumuuliza mtoto ana miaka mingapi. Akajibu, "Sina mtoto mdogo, mimi ni mtu mzima." Ikamuuliza tena. Nilisikiliza rekodi ile kwa ridhaa yake mara nyingi, na kinachonihuzunisha ni jinsi sauti yake ilivyokuwa inapungua kila akirudia, mpaka mwisho akaanza kujaribu kusema "macho", kama kwamba aliyekosea kusema ni yeye.

Nikakaa nikaandika. Mato ni macho, matozi ni machozi, ndia ni njia, yana ni jana, yuzi ni juzi, kuya ni kuja. "Ndoo" ikiwa mwanzo wa sentensi au baada ya "niambie" ni njoo, si ndoo ya maji. "Kuteka" inaweza kuwa kucheka. Orodha hiyo inawekwa mbele ya programu ya kunasa maneno kama kidokezo, na nyingine mbele ya modeli, ili neno likitoka lilivyotoka bado lifahamike. Mashine yenyewe inajibu kwa Kiswahili cha kawaida. Nilijaribu kuifanya ijibu Kiamu, ikatoka kitu cha kuigiza, nikaiondoa.

Salamu pia nimezirefusha. Mtu mzima akisema "masalkheri", anajibiwa, anaulizwa hali, ndipo anaulizwa shida yake. Mwanzo ilikuwa inaruka moja kwa moja "Nikusaidie nini?" na wazee wawili walikata simu.

Msomaji wa Shela

Yote mazuri. Lakini huyo dada wa mapokezi naye? Mkishamaliza atabaki na kazi gani?

Mtu wa Langoni (mwenye uzi)

Nilimuuliza yeye mwenyewe kabla sijaandika mstari hata mmoja, na nilimwambia daktari kwamba akiondolewa dada nami naondoka na programu. Angalieni uzi huu wote: maji, chokaa, maneno ya esemesi, yote yametoka kwake. Kuna lingine. Anayetiwa dawa ya kupanua mboni haoni sawasawa kwa saa kadhaa. Dada alikuwa akimwambia kila mtu kwenye simu, "Njoo na wa kukushika mkono, na miwani yako ya zamani uje nayo." Mashine haikuwa inasema, mama mmoja akaja peke yake, akashindwa kushuka ngazi za gati. Sasa inasema, na haikati simu mpaka mtu ameitikia.

Siku za daktari dada yuko na wagonjwa, si na simu. Akirudi mezani anakuta orodha ya waliotaka kuongea na mtu, anawapigia mmoja mmoja. Daftari lake bado lipo. Mashine inaandika kwenye kalenda, na kila jioni inachapisha ukurasa, anaubandika. Nafasi ikishikwa upande mmoja inafungwa upande wa pili kwa dakika mbili mpaka mtu athibitishe, ili watu wawili wasipewe saa moja.

Kijana wa Mokowe

Na gharama ya simu? Dakika tatu za salamu na maswali, mtu ana bob kumi tu.

Mtu wa Langoni (mwenye uzi)

Anabipu. Mashine ikiona simu imekatwa kabla ya kupokewa, inampigia yeye baada ya nusu dakika, kliniki inalipa. Shangazi yangu wa Siyu hivyo ndivyo alivyofanya. Alibipu saa kumi na mbili unusu asubuhi, akapigiwa, akapewa Alhamisi saa tatu asubuhi kwa maji ya alfajiri, akaja na binti yake wa kumshika mkono. Aliniambia mashine ina adabu lakini inaongea kwa haraka. Nimeipunguza mwendo.

Lililobaki gumu ni Kibajuni cha Faza na Kizingitini. Orodha yangu ya Kiamu haitoshi huko, na sauti za kufunzia sina. Wenye wazee upande huo walio tayari kurekodiwa dakika kumi, kwa hiari yao na kwa karatasi ya ridhaa, niandikieni faraghani. Nahodha amesema Jumapili maji yanajaa mapema, nitapanda boti yake na kinasa sauti.